Mguu wa Kushoto wa Koplo Luhende

Iko nchi moja inaitwa Jamhuri ya Heko. Msinisumbue kuniuliza iko upande gani, nina watoto wanaosoma na bado nangoja kibali cha kujenga choo. Itoshe kusema kwamba si kwetu. Kwetu mambo haya hayatokei, na anayebisha ashindwe na alegee.

Hao Waheko wanawapenda askari wao kupita kiasi, hasa wakishakufa. Askari aliyekufa hadai pensheni, hapangi foleni ya dawa, wala hakumbuki vita kinyume na Wizara inavyovikumbuka. Kwa hiyo kila mwaka, Siku ya Ushindi wa Mto Lupwa, nchi nzima huwaenzi mashujaa. Mataifa mengine hunyamaza kimya kwa dakika moja. Heko nako walijaribu, wakaona hatari yake: mtu akinyamaza, huwezi kujua anawaza nini. Ndipo serikali ikabuni Dakika ya Mguu Mmoja. King'ora kikilia, kila mwenye pumzi anainua mguu na kusimama kwa ule unaobaki, kwa heshima ya waliopoteza miguu vitani. Mchinjaji yuko buchani, ainue. Mama yuko leba, na yeye ainue akiweza. Polisi hupita mitaani wakirukaruka kama vyura, wakikamata wanaosimama kwa miwili.

Mtukufu Jemadari, Rais wa Heko, yeye hukaa kitini. Mguu wake huinuliwa kwa niaba yake na Waziri Mkuu. Mwaka wa kwanza Waziri Mkuu alijaribu kuinua wa Rais na wa kwake kwa pamoja, akaanguka, na yule aliyecheka hajaonekana tena mpaka leo.

Vita vyenyewe vilikuwa vya kugombea kisiwa cha mchanga kilichokuwa kikijitokeza katikati ya mto wakati wa kiangazi. Heko walikitaka, na jirani alikitaka. Walipigana mpaka masika, mvua ikanyesha, kisiwa kikazama, na kila upande ukatangaza umeshinda.

*

Sasa basi. Kati ya wote waliopoteza miguu Lupwa, aliyekuwa bado hai ni mmoja tu, Koplo mstaafu Luhende Msabila, fundi cherehani wa uswahilini, mtu mfupi, mkali, mwenye masharubu na ulimi usiojua kulala. Mguu wake wa kulia uliishia juu ya goti. Wa kushoto ndio uliokanyaga cherehani toka asubuhi hadi jioni, na kwa mguu huo alimlisha mkewe, Bi Sikudhani, na wajukuu walioachwa na marehemu binti yao, Tunu. Mtu akimtania kuhusu mguu wake, alikuwa akiupiga kofi la paja na kusema, "Huu ndio mke mkubwa. Sikudhani ni wa pili." Naye Sikudhani hujibu, "Basi akupikie yeye."

Vitabu vya shule vinafundisha kwamba Koplo Luhende aliutupa mguu wake mbele ya bomu ili kumkinga kamanda wake. Watoto wana wimbo wa habari hiyo, wanauimba hadi machozi. Ndani ya nyumba yake Luhende alikuwa na habari nyingine, na hakuwahi kuisimulia nje, maana ukuta una masikio na mkewe alimkataza.

Habari yenyewe ni hii. Siku ile mtoni risasi ziliwaishia. Kamanda wao, Kapteni kijana mwenye miwani nyeusi, akaingia garini akasema, "Msiondoke hapa, nakwenda kuwaletea risasi." Gari likarudi kinyumenyume mbio, likapita juu ya mguu wa Luhende aliyekuwa amelala kifudifudi kando ya njia, analenga mto. Halikusimama. Wenzake, Hiza, Ng'walu na Mkude, wakavua mashati, wakamfunga mguu, wakampakia juu ya punda wa jikoni na kumchapa punda kofi la tako ili aende. Wao wakarudi mtoni kungoja risasi. Wanazingoja mpaka leo.

Yule Kapteni ndiye huyo Mtukufu Jemadari. Basi mwelewe kwa nini Bi Sikudhani alikataza.

*

Ilipokaribia Siku ya Ushindi ya mwaka wa arobaini, ikaamriwa isimamishwe sanamu ya Koplo Luhende katikati ya Uwanja wa Heshima, kati ya Benki na Posta, na Koplo mwenyewe asimame pembeni yake siku ya kuizindua. Kazi ikawa chini ya Waziri wa Kumbukumbu na Usahaulifu, Mheshimiwa Kasherere, mtu mnene wa heshima zote, anayezungumza kana kwamba daima kuna kamera nyuma ya sikio lako. Waziri akatangaza zabuni kwa haki na uwazi, ikawashinda wote isipokuwa shemeji yake, fundi Zakayo, ambaye hadi hapo alikuwa ametengeneza simba wa saruji wa kukaa juu ya mageti ya matajiri.

Zakayo hakuona haja ya kwenda kumtafuta Koplo huko uswahilini kwenye matope. Aliambiwa mguu uliokatika ni wa kulia, akaona hilo ni jambo dogo. Akaufunga wa kwake wa kulia kwa kamba, akasimama mbele ya kioo cha kabati la mkewe na bunduki ya mti mkononi, akaiga alichokiona. Wewe uliyewahi kunyoa ndevu kwenye kioo umeshajua kilichotokea. Zakayo hana ndevu.

Siku ya mazoezi wakamleta Luhende na gari la serikali. Wakamvisha magwanda mapya, wakamsimamisha kando ya sanamu, wote wawili wametazama jukwaa kuu. Waziri akapanda jukwaani ili aone atakachokiona Mtukufu. Akatazama. Akapangusa miwani, akatazama tena. Kwenye sanamu, pengo la mguu lilikuwa upande wa Benki. Kwa Koplo, lilikuwa upande wa Posta.

"Koplo!" Waziri akaita kwa kipaza sauti. "Badilisha mguu!"

"Nibadilishe vipi, Mheshimiwa?"

"Inua wa kushoto, ushushe wa kulia!"

"Wa kulia niushushe kutoka wapi?" Luhende akauliza. "Nimeuacha Lupwa."

Wafanyakazi waliokuwa wanapaka chokaa nguzo wakainama kuchungulia ndoo zao.

*

Kamati ya Maadhimisho ikakutana jioni hiyohiyo, mlango umefungwa, korosho mezani. Luhende akawekwa kwenye benchi nje, lakini ukuta ulikuwa wa mbao, akasikia kila kitu.

Zakayo alikuwa wa kwanza kusema. Akajitetea kuwa saruji ni saruji, angeweza kuuvunja mguu mmoja na kuuotesha mwingine. Waziri akamkemea. Je, Zakayo amesahau kwamba wiki iliyopita Mtukufu alikuja kuikagua, akaipapasa paja na kusema, "Huyu ndiye"? Na katika Heko, Mtukufu akishasema huyu ndiye, basi ndiye. Zaidi ya hapo, stempu zilikuwa zimekwisha kuchapwa. Shule zilikuwa zimekwisha kufundishwa wimbo mpya, "Mguu wa kushoto, mzizi wa taifa." Waraka ulikuwa umekwisha kutoka kwamba mwaka huu, kwenye Dakika ya Mguu Mmoja, wote wainue wa kushoto, na atakayeinua wa kulia ni kibaraka wa jirani.

Mjumbe mmoja akashauri Koplo afunikwe blanketi. Likakataliwa, maana shujaa si kitanda. Mwingine akasema anamjua mpiga debe asiye na mguu wa kushoto, avishwe magwanda asimame badala yake. Wazo likapendwa sana, mpaka ilipokumbukwa kwamba mguu wa huyo mpiga debe ulikanyagwa na gari la Wizara, na kesi bado iko mahakamani.

Hapo Waziri Kasherere akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Ndugu wajumbe, tuna vitu viwili visivyolingana, sanamu na mtu. Tujiulize kwa uzalendo, kipi kati ya hivyo ni mali ya taifa? Kipi kitabaki vizazi na vizazi? Kipi hakili, hakiugui, hakisemi ovyo? Sanamu! Basi kilichokosea ni nini? Ni mtu! Tusimlaumu mzee wetu. Vitani kuna vurugu, mtu anaweza kabisa kupoteza mguu usio sahihi. Kazi yetu sisi ni kumsaidia kurekebisha."

Wakapiga makofi. Luhende kule nje akadhani amesikia vibaya, akalisogeza sikio karibu na ubao.

Hakuwa amesikia vibaya. Waziri akatoka, akaketi kando yake kwenye benchi, akamshika bega kwa upole.

"Mzee wangu, taifa linakuomba mguu."

"Lilishachukua, Mheshimiwa."

"Ule uliutoa kwa ajili ya vita. Huu ni kwa ajili ya kumbukumbu."

"Na cherehani nitaikanyaga na nini?"

"Shujaa hashoni, mzee. Shujaa hushonewa."

"Mheshimiwa, mimi si msomi," Luhende akasema, na masharubu yalikuwa yameanza kumcheza. "Lakini mkinikata wa kushoto, nitakuwa sina hata mmoja. Mtakuwa mmefananisha nini hapo?"

"Hilo tumeliona!" Waziri akasema kwa furaha. "Wa kulia utapewa wa mninga. Mti wa nyumbani, fundi wa nyumbani. Utapakwa na vanishi."

Luhende akacheka, kwa sababu alidhani sasa lazima ni utani. Askari wawili wakamnyanyua makwapani, na hapo ndipo kicheko kikamkauka.

*

Hospitali Kuu ya Heko ni mahali ambapo mgonjwa huja na sindano yake, pamba yake, na akizidiwa, balbu yake. Lakini siku ile msumeno ulipatikana mara moja, mpya, na utepe mwekundu. Daktari akaukagua ule mguu, akauona mzima, mgumu, umejaa misuli ya kukanyaga cherehani miaka arobaini. Akauliza kwa sauti ndogo unaumwa nini. Akaambiwa unaumwa upande. Akaandika hivyo kwenye cheti, akamwepuka mzee macho.

Luhende alikuwa amefungwa mikanda kitandani, na naomba niseme ukweli, aliogopa. Lupwa hakuogopa hivyo. Kule aliyekuwa anataka kumuua alikuwa adui, na unajua namna ya kumlenga adui. Hapa wote walikuwa wakimwita mzee wetu, shujaa wetu, tunu ya taifa, na muuguzi alikuwa anampangusa paja kwa spiriti. Mkuki kwa nguruwe, jamani. Akaanza kuusemesha mguu wake kimoyomoyo, akauomba radhi.

Huko mlangoni pakazuka vurugu. Bi Sikudhani alikuwa amefika na chupa ya uji. Mlinzi akamwambia si saa ya kuona wagonjwa. Akamwambia mlinzi kwamba hata yeye hakuja kuona mgonjwa, maana mumewe si mgonjwa, na kama anataka mgonjwa amzuie tena. Akaingia. Akaona mikanda, akaona msumeno na utepe wake. Akavua kandambili, akapanda kitandani, akaukalia ule mguu.

"Haya, kateni," akasema. "Mnaanza na mimi."

"Mama, hii ni amri ya serikali," daktari akanong'ona.

"Huu mguu unalisha watoto wangu. Serikali yako inalisha nani?"

"Mama Tunu, shuka, watakuumiza," Luhende akasema.

"Nyamaza wewe. Miaka arobaini nimekwambia nyamaza, na leo pia nyamaza."

Waziri Kasherere aliingia wakati huo, na wapiga picha nyuma yake, kuja kumshukuru Koplo kabla hajalazwa usingizi. Alimkuta mwanamke mzima amekalia kumbukumbu ya taifa. Hakutetereka. Akasafisha koo, akageukia kamera.

"Ndugu wananchi, tazameni upendo huu! Hata mke wake anautoa mguu huu kwa mikono miwili..."

Na hapo Luhende akashindwa kunyamaza. Akajiinua mpaka mikanda ikalia.

"Mheshimiwa, huogopi hata laana? Mliniacha, nikanyamaza! Mkaniandika uongo, nikanyamaza! Leo mnanikata kama mbuzi kwa sababu shemeji yako hajui kulia na kushoto? Kama shida yenu ni upande, igeuzeni hiyo sanamu yenu, iwageuzie makalio mkae mkiyatazama!"

Muuguzi akaudondosha mkasi. Wapiga picha wakashusha kamera, maana hakuna aliyetaka kuwa na picha ya aliyekuwepo wakati yanasemwa maneno yale.

Waziri alikuwa amesimama palepale, kidole kimoja kwenye kiganja. Alikuwa anachora. Benki huku. Posta huku. Akageuza kidole. Akaduwaa.

"Gari!" akapiga kelele. "Leteni gari!"

Akaenda mbio mpaka Uwanja wa Heshima. Akamsimamisha dereva wake kwenye jiwe la sanamu kwa mguu mmoja, yeye akapanda jukwaani, akamwambia geuka. Dereva akageuka, akampa mgongo. Pengo likahama Benki, likaenda Posta. Haki ya Mungu, lilihama! Waziri akashuka ngazi anatokwa na machozi, akawaambia wajumbe, "Ndugu zangu, nimepata wazo."

Koplo akafunguliwa mikanda jioni hiyo. Hakuna aliyemwomba radhi, ila walimwachia utepe.

*

Siku ya Ushindi ikafika. Sanamu ilikuwa imegeuzwa usiku kucha kwa minyororo, na sasa mgongo wake na makalio yake mapana ya saruji, kazi ya Zakayo, vilikuwa vimeelekea jukwaa kuu, na uso wake umeelekea barabara ya Lupwa. Waraka ulikuwa umetolewa asubuhi: kuanzia leo, kwa mashujaa, nyuma ndiyo mbele.

Luhende akasimama pembeni ya sanamu na gongo lake kwapani, ametazama jukwaa. Mkewe alikuwa mstari wa kwanza wa wananchi, amembana kwa macho. Mfukoni Koplo alikuwa na maneno aliyopewa kusoma akiulizwa lolote, yakianza na "Asante Mtukufu kwa kuupokea mguu wangu." Mguu ulikuwa umesalimika. Kilichobaki ilikuwa ni kutoa asante na kurudi nyumbani.

Mtukufu Jemadari akashuka jukwaani kuikagua sanamu, mzee sasa, amechoka, miwani ileile nyeusi, medali zimemwinamisha. Gari lake likamfuata taratibu nyuma, maana hatembei mbali. Waziri Kasherere alikwenda kando yake na kipaza sauti, Waziri Mkuu na mawaziri wengine wakifuata, na redio ilikuwa inarusha nchi nzima.

Mtukufu akaitazama sanamu kwa muda mrefu.

"Mbona huyu ananipa mgongo?" akauliza.

Mawaziri wote wakageuka kutazama angani, kana kwamba ndege za maonyesho zimewahi.

"Wewe Koplo," Mtukufu akasema. "Anatazama nini huko?"

Kipaza sauti kikaja mbele ya masharubu ya Luhende. Akamtazama Sikudhani. Bi Sikudhani alimtazama na yeye, kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini, akamwitikia kwa kichwa.

"Anawatazama Hiza, Ng'walu na Mkude, Afande," Luhende akasema. "Uliwaambia wasiondoke, unakwenda kuwaletea risasi. Bado wako mtoni."

Redio ikaanza kupiga muziki wa bendi, lakini nchi nzima ilikuwa imekwisha kusikia. Luhende hakungoja amri ya kuondoka. Akazunguka jiwe kwa gongo lake, akaenda kusimama upande wa pili, mbele ya uso wa sanamu. Sikudhani akavuka kamba akamfuata. Akafuata mama mmoja na mtoto mgongoni. Kisha wapaka chokaa. Kisha mstari mzima, kisha uwanja mzima, kimya kimya, wanazunguka kwenda kumwona askari usoni, mpaka barabara yote ya Lupwa ikajaa watu.

Aliyeshika king'ora akababaika, akakibonyeza. Mawaziri wakainua miguu ya kushoto papo hapo. Waziri Mkuu akainua wa Mtukufu. Kule mbele ya sanamu hakuna aliyeinua, hata polisi. Walisimama kwa miguu yao yote miwili, na Luhende kwa mmoja wake.

Mtukufu alitazama mgongo ule wa saruji, na nyuma yake nyuso zile za watu. Kisha akaingia garini haraka kuliko alivyotoka, akafunga mlango. Mbele njia imefungwa na watu. Dereva akatia gia ya nyuma, akakanyaga.

Nyuma ya gari, alikokimbilia kujificha baada ya jibu la Koplo, alikuwa amesimama Waziri Kasherere, kwa mguu wa kulia, wa kushoto juu, macho mbele, kama waraka unavyotaka, kwa kuwa king'ora cha kumaliza kilikuwa hakijalia.

Luhende aliusikia ule mlio wa gari likirudi kinyumenyume mbio. Kabla hajawaza lolote, akauvuta mguu wake karibu na jiwe, akamvuta na mkewe. Ndipo ukaja ukelele. Aliujua ukelele ule. Gari halikusimama.

Luhende alipofika, Waziri wa Kumbukumbu na Usahaulifu alikuwa amelala chini peke yake, mguu wa kulia umepondeka, wenzake wamelikimbilia jukwaa. Akaling'ang'ania gongo la Koplo kwa mikono miwili.

"Mtukufu," akasema, "Mtukufu kaenda wapi? Atarudi?"

"Amekwenda kukuletea risasi," Luhende akasema, akaanza kufungua vifungo vya shati lake.